Jua la Monet: anza kwa kurudi nyuma
Ukifika mbele ya mchoro Impression, soleil levant (yaani “Taswira, jua likichomoza”) katika jumba la makumbusho la Musée Marmottan Monet, Paris, usikimbilie kuiinamia. Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliichora bandari ya Le Havre mwaka 1872 kwenye turubai ndogo, takriban sentimita 48 kwa 63. Ukiisogelea mno utaona madoa na michirizi tu, na wengi huishia hapo.

Simama kama mita 3 nyuma. Acha kibao cha maelezo kwanza, tazama kwa dakika 2 kamili. Mashua ya mbele hujitokeza mapema, milingoti na moshi vya nyuma huchelewa. Kioo au rangi ikimetameta kwa taa, sogea hatua moja kando.

Sasa lione jua: linawaka hata linaonekana kutetemeka. Pale picha zinaporuhusiwa, zima mweko wa simu na uweke kamera kwenye nyeusi na nyeupe. Jua karibu linapotea angani! Rangi yake ya chungwa na kijivu cha ukungu vinakaribiana sana kwa mwangaza. Kinachovitenganisha ni rangi yenyewe. Ubongo hupima mwangaza na rangi kwa njia mbili tofauti, na hapa njia hizo hazikubaliani. Ndipo mtetemo unapotoka.

Mwishoni sogea hadi mita 1 uangalie mng'ao wa jua majini: ni mipigo michache mifupi ya brashi, rangi nzito, bila kusawazishwa. Rudi nyuma polepole, uone ni hatua ya ngapi mipigo hiyo inageuka maji.