Kuweka Vivaldi kwenye Ubuntu au Mint kwa faili la .deb

Wakuu, kama uko Ubuntu na Firefox inajivuta kila ukiifungua mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine, mara nyingi mchawi ni snap, yaani mtindo wa Ubuntu wa kufungasha programu pamoja na kila inachohitaji. Tangu 22.04 Firefox ya Ubuntu inakuja kama snap, na kwenye laptopu ya kizamani yenye diski ya kuzunguka utaisubiri kweli. Na usidhani utakwepa kwa kuandika sudo apt install chromium-browser (amri ya kuinstoli Chromium, brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake), hapo nako Ubuntu wanakuletea snap kimyakimya. Mint wao snap wameifungia, ila hatua za huku chini ni zilezile.

Mi napendekeza Vivaldi. Ni brauza ya kampuni ya Norway, mwanzilishi wake Jon von Tetzchner ni mmoja wa walioanzisha Opera, na ndani ni Chromium kwa hiyo ekstensheni za Chrome zinakubali bila shida.

Kwanza ijue mashine yako. Fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T, andika:

uname -m

Ikijibu x86_64 unataka faili la DEB (furushi la programu la Ubuntu na Mint) la 64-bit, ikijibu aarch64 chukua la ARM64. Ikijibu i686 basi mfumo wako ni wa 32-bit, Vivaldi isahau.

Ingia vivaldi.com udaunlodi faili lako, linazidi MB 100 kwa hiyo angalia bando. Chukua hapo tu, usikubali la kutumiwa kwenye grupu, brauza ndo inayoshika mapaswedi yako yote. Likishashuka:

cd ~/Downloads
sudo apt install ./vivaldi-stable_*.deb

Hiyo ./ usiiruke, bila hiyo apt haijui kama unamaanisha faili lililopo hapo hapo, itaenda kutafuta kwenye hazina zake za programu mtandaoni ikukatalie kwamba hakuna kitu kama hicho. Kinyota ni cha kukuokoa usiandike namba ndefu ya toleo, ila kama una madeb mawili ya Vivaldi kwenye folda futa la zamani kwanza. Paswedi ukiandika haionekani hata nukta, we andika tu ubonyeze Enter. Mwishoni unaweza kuona mstari unaoanza na N: unaolalamika kuhusu _apt na unsandboxed, achana nao, programu imeshaingia. Kuna watu watakwambia tumia dpkg -i, inafanya kazi ila haikuletei vifurushi inavyovitegemea, ikigoma utaishia kupiga sudo apt -f install, sasa ya nini kuzunguka.

Wakati wa kuinstoli usikate intaneti, maana kuna skripti inayoshusha kodeki za video (vitu vinavyowezesha brauza kucheza aina fulani za video) pembeni. Ukikuta YouTube inacheza vizuri lakini video za tovuti nyingine zinagoma, jaribu hii kisha uzime brauza na kuiwasha tena:

sudo /opt/vivaldi/update-ffmpeg

Ukifungua mara ya kwanza itakuuliza kama uhamishe bukumaki za brauza ya zamani, kubali tu, ile ya zamani haifutwi. Kama umeweka kompyuta iingie yenyewe bila paswedi, kitatokea kidirisha cha keyring (ghala la mapaswedi la mfumo), weka paswedi yako ya kuingilia kwenye kompyuta, si virusi. Kuifanya iwe ndo brauza kuu:

xdg-settings set default-web-browser vivaldi-stable.desktop

Kuapdeti sasa, hapa ndo napoipendea deb. Ukishainstoli inajiandikisha yenyewe kwenye /etc/apt/sources.list.d/, kwa hiyo toleo jipya linakuja pamoja na mengine ukipiga sudo apt update halafu sudo apt upgrade, hurudi tena kwenye tovuti. Ila ukihama toleo zima la Ubuntu, mfano kutoka 22.04 kwenda 24.04, mfumo huwa unazima hazina za nje, basi nenda Software & Updates, tabu ya Other Software, hakikisha Vivaldi ina tiki, la sivyo unaweza kubaki na brauza ya zamani isiyo na viraka vya usalama na wala haikwambii. Ukiichoka ni sudo apt remove vivaldi-stable, bukumaki zako zinabaki kwenye ~/.config/vivaldi mpaka uifute hiyo folda mwenyewe.