Jinsi ya Kumchagua Mbwa wa Familia na Kujenga Mapenzi Naye

Muulize mtu yeyote mwenye mbwa kwa nini alimchagua, naye atakutajia rangi ya manyoya, masikio yaliyolala, au namna alivyomkimbilia miguuni siku walipoonana. Muulize tena kwa nini anampenda leo, na hutasikia habari za rangi wala masikio: atakueleza jinsi mbwa huyo anavyolala mlangoni mwa chumba cha mtoto anayeumwa, jinsi anavyoutambua mlio wa gari la nyumbani kabla halijafika, au anavyobeba kiatu kimoja, kile kile siku zote, kwenda kukificha. Yanayotuvuta siku ya kwanza na yanayotufunga baada ya miaka ni mambo mawili tofauti, na makosa mengi ya kuchagua hutokana na kuyachanganya. Anayetaka mbwa atakayependwa na nyumba nzima hana budi kumchagua kwa kuzitazama siku za kawaida atakazoishi naye, kwa kuwa mapenzi yenyewe hujengwa ndani ya siku hizo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza inahusu nyumba yenu, wala bado haimhusu mbwa. Kaeni pamoja muiandike siku yenu ilivyo kweli: nani huamka kwanza, nyumba hubaki bila mtu kwa saa ngapi, nani atamtembeza mvua ikinyesha, nani ataokota kinyesi, nani atampeleka kwa daktari wa mifugo. Ahadi za watoto katika jambo hili ni za moyo safi, lakini hazidumu, hivyo kila kazi iandikwe kwa jina la mtu mzima, na mtoto awe msaidizi wake. Kumbukeni pia urefu wa safari: mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, wale wadogo wa umbo mara nyingi huzidi hapo, na wale wakubwa sana wengi hawafiki hata 10. Mbwa anayeletwa mtoto akiwa na miaka 8 atakuwa mzee wakati mtoto huyo anaondoka nyumbani kwenda kujitegemea, na watakaobaki kumhudumia ni wazazi. Fedha nazo zihesabiwe mapema, si za kumnunua tu, bali za chakula, chanjo, dawa za minyoo, viroboto na kupe, na akiba ya siku atakapougua ghafla. Ikiwa yupo mtu mzima mmoja nyumbani asiyemtaka mbwa kabisa, ni heri kusubiri. Sijaona hoja yenye nguvu ya kumlazimisha.

Baada ya hapo ndipo swali la aina ya mbwa linapokuja, na hapa watu hutumia muda mwingi kuliko inavyostahili. Shirikisho la kimataifa la wafugaji wa mbwa, FCI, lililoanzishwa mwaka 1911, linatambua aina zaidi ya 350, na nyingi kati yake zilitengenezwa kwa kazi maalumu. Border Collie aliendelezwa ili achunge kondoo, kwa hiyo asipopewa kazi anaweza kuanza kuwachunga watoto wanaokimbia uani, akiwaandama visigino. Beagle ni mwindaji wa kunusa, na akishapata harufu ya kuvutia, mwito wa mwenyewe humfikia kama sauti ya mbali. Mbwa wadogo waliozalishwa ili kuwafuata wanyama mashimoni watachimba bustani bila haya. Hata hivyo, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Maana yake kwa anayechagua ni kwamba aina itakuambia mengi kuhusu ukubwa, manyoya na maradhi ya mwili, lakini haiwezi kukuhakikishia upole wa mbwa aliye mbele yako.

Maradhi hayo ya mwili ndiyo sababu nzito zaidi ya kuichunguza aina. Mbwa wenye nyuso zilizobonyea, kama bulldog na pug, wengi wao huhema kwa shida na huzidiwa haraka na joto, na mkoromo ambao wageni huuona wa kuchekesha mara nyingi ni dalili ya njia ya hewa iliyobanwa. Mbwa wakubwa kama Labrador na German Shepherd hukabiliwa zaidi na kasoro za nyonga, na mfugaji makini huwapima wazazi kabla ya kuwazalisha. Mbwa chotara naye haepuki maradhi yote, ila ni chaguo zuri kabisa kwa familia, na kumdharau kwa kukosa hati ya nasaba ni ushamba. Jihadharini pia na mbwa aliyepata umaarufu kupitia filamu: hapo wazalishaji wa haraka huongezeka, na wengi wao hawawapimi wazazi.

Linalofuata ni umri. Mtoto wa mbwa huvutia kila jicho, lakini ni kazi ya usiku na mchana: haja zake huwezi kuzipangia saa, hutafuna kila kitu meno 28 ya utotoni yanapopisha 42 ya ukubwani, na tabia yake ya ukubwani bado ni kitendawili. Mbwa wa miaka miwili au mitatu tayari amejionyesha alivyo, na kwa nyumba yenye watoto wadogo na wazazi wanaofanya kazi, mara nyingi ndiye anayefaa zaidi. Anayeamua kuchukua mtoto hata hivyo asimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8, kwa kuwa ni pale, katika kung'atana na ndugu zake na kukemewa na mama, anapojifunza kupunguza nguvu ya meno. Tangu katikati ya karne iliyopita, uchunguzi wa wanasayansi John Paul Scott na John Fuller nchini Marekani ulionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na takriban ya 12 mbwa hujifunza ni nani na nini asiviogope. Aliyekulia kwenye kibanda cha nyuma muda huo wote, bila kuguswa wala kusikia sauti za nyumbani, anaweza kubaki mwoga maisha yake yote hata akipendwa vipi.

Mnapokwenda kuwaona watoto wa tumbo moja, ombeni kwanza kumwona mama yao. Mama anayewasogelea wageni kwa utulivu ni habari njema. Mfugaji anayetoa visingizio vya kutomwonyesha ni sababu tosha ya kuondoka. Kisha keti sakafuni, usimwite yeyote, utazame. Yuko anayewapanda wenzake na kuwa wa kwanza kuziuma kamba za viatu vyako. Huyo huvutia, lakini atahitaji mtu mwenye uzoefu na saa za mazoezi. Yuko anayejibana kwenye kona akikukwepa macho, naye huingiza huruma moyoni, na huruma hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wamchukue kisha wajutie. Sasa dondosha funguo zako sakafuni, hatua mbili tatu kutoka walipo. Karibu wote watashtuka, na kushtuka si kosa. Mwangalie yule anayerudi nyuma, akasimama, akanyoosha shingo, kisha akasogea taratibu mpaka pua yake ikagusa funguo: uwezo huo wa kuogopa na kupona haraka ndio utakaomsaidia siku mtoto wenu atakapoangusha sufuria jikoni. Mnyanyue kwa mikono miwili, umkumbatie kifuani kidogo. Akipapatika kisha akatulia, umepata mbwa wa kufikiriwa. Mtihani huu hautabiri kila kitu, kwa hiyo rudini siku nyingine mkawaone tena, maana aliyekuwa mchangamfu jana huenda leo ameshiba na amelala.

Kwa mbwa aliyekwisha kukua kutoka kituo cha mbwa walioachwa, msimhukumu akiwa ndani ya uzio, mahali ambapo hata mpole hubweka. Ombeni mtembee naye nje, familia nzima ikiwapo, na muulize wahudumu maswali yasiyo na aibu: kwa nini aliletwa, amewahi kuuma, anafanyaje mtu akimkaribia anapokula, amewahi kuishi na watoto au na paka. Jibu la kweli lenye kasoro ndani yake lina faida kuliko sifa tupu.

Siku za kwanza nyumbani, tabia ya watu ni kuwaita majirani na ndugu waje wamwone mgeni. Msifanye hivyo. Mtengeeni kona yenye kitanda na maji, pasipopitwa na watu kila dakika, na iwe sheria kwamba akiwa pale hakuna anayemgusa. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na asipopata usingizi huo huwa mkorofi kama mtoto mchanga aliyechoka. Mpelekeni nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila anapomaliza kucheza, mkimsifu pale pale anapojisaidia. Akikosea ndani, safisheni mkanyamaza. Panga na daktari wa mifugo ratiba ya chanjo, ambayo kwa watoto wa mbwa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka takriban wiki ya 16, na chanjo ya kichaa cha mbwa isiachwe kwa sababu yoyote, kwani ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua, mbwa na binadamu vilevile. Chokoleti, zabibu, vitunguu na peremende zilizotiwa zailitoli badala ya sukari ziwekwe asipofika.

Mapenzi sasa. Mwaka 2015 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Miho Nagasawa, waligundua kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini, ile ile inayohusika na kifungo cha mama na mtoto wake mchanga, huongezeka kwa wote wawili. Kwa mbwamwitu waliolelewa na watu hali hiyo haikuonekana. Kutazamana huko hakulazimishwi, maana mbwa asiyekuzoea akikaziwa macho huona tishio. Huja kwenyewe kutokana na mambo madogo yanayorudiwa, na hapa ndipo ule mgawanyo wa kazi mlioandika unapozaa matunda: anayempa chakula, anayemtembeza, anayemchana manyoya, kila mmoja hupata njia yake ya kujulikana naye. Mwanafamilia anayelalamika kwamba mbwa hampendi, mpeni kazi ya kumtembeza jioni kwa majuma machache, kisha mtazame malalamiko yanakwenda wapi. Katika matembezi hayo mwacheni anuse. Dakika kumi za kunusa nyasi zinaweza kumtuliza kuliko mwendo mrefu wa kuvutwa kamba.

Watoto wafundishwe kuusoma mwili wa mbwa kabla ya kuruhusiwa kucheza naye. Tazama mtoto anapomkumbatia mbwa shingoni na watu wazima wanatafuta simu wapige picha: mbwa amegeuza kichwa upande, anaulamba mdomo wake ilhali hakuna chakula, anapiga mwayo bila usingizi, na weupe wa jicho umejitokeza kama mwezi mwembamba. Picha hiyo watu huiita ya mapenzi, nayo ni ya mbwa anayeomba aachiwe. Mkia unaotikisika hautoshi kuwa ushahidi wa furaha, hasa ukiwa umesimama wima na kutikisika kwa ukakamavu. Zoezi rahisi kwa mtoto ni kumpapasa mbwa ubavuni kwa muda mfupi, kisha kuuondoa mkono na kungoja. Mbwa akisogea karibu ameomba tena, akibaki kimya au akijitenga amesema basi. Na mbwa anayenguruma asiadhibiwe kwa kunguruma, kwa sababu aliyekatazwa kuonya hujifunza kuuma bila onyo. Mafunzo yote yafanywe kwa zawadi na vipindi vifupi, kila mtu nyumbani akitumia neno lile lile. Fimbo humfanya mbwa atii anapoiona, na amwogope aliyeishika hata asipoishika.

Huenda baada ya wiki tatu bado hujisikii lolote ila uchovu, na hili huwapata watu wengi kuliko wanavyokiri. Katika vituo vya mbwa hutajwa siku 3 za kupunguza hofu, wiki 3 za kuzoea ratiba na miezi 3 ya kujiona yupo kwao. Si sheria ya kisayansi, lakini humzuia mtu kukata tamaa mapema mno. Tabia ikibadilika ghafla, mbwa mpole akaanza kunguruma anapoguswa, anzeni kwa daktari wa mifugo kabla ya mwalimu wa mbwa, kwa sababu maumivu ya jino, sikio au nyonga mara nyingi hujificha nyuma ya ukali. Ikiwa mmejaribu yote na bado nyumba na mbwa havipatani, mrudisheni kwa mfugaji au kituo mlikomchukua, au mtafutieni familia nyingine, na mwiandikie familia hiyo kila mnachokijua juu yake: anachokula, anachokiogopa, chanjo alizopata, na kama amewahi kumuuma mtu, siku ile ilikuwaje.