Jinsi ya kupanga lengo la taifa la tabianchi: ng'ombe, mkaa na msitu kwenye jedwali moja

Vikao vingi vya kupanga malengo ya tabianchi huanzia mwisho. Mtu anauliza, "Tuahidi asilimia ngapi?" na kabla chai haijapoa ukumbi umeshagawanyika: watu wa mazingira wanataka 40, wa hazina wanataka 10, wa nishati wanasubiri kusikia nani atalipa. Asilimia ni namba ya mwisho kuandikwa. Kabla yake kuna kazi ya jedwali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji siasa bali kuhesabu.

Mwongozo huu ni wa ofisa wa wizara, mchambuzi kijana au mwanafunzi aliyeangukiwa na kazi ya sekta tatu ambazo kwa kawaida hukaa majengo tofauti: kilimo na mifugo, nishati, na matumizi ya ardhi. Mfano wangu ni Tanzania. Kenya nitaigusa pale inapofundisha kitu.

Hatua ya 1: Ifungue ahadi iliyopo

Huanzi na karatasi tupu. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Paris inaitaka kila nchi itoe mchango wake wa taifa, maarufu kama NDC, kila baada ya miaka mitano, na mchango mpya uende mbele ya ule wa zamani. Tanzania ilianza mwaka 2015 kwa kusema itapunguza kati ya asilimia 10 na 20 ifikapo 2030. Julai 2021 ikapanda hadi kati ya asilimia 30 na 35, ikitaja punguzo la takriban tani milioni 138 hadi 153 za gesijoto, zikipimwa kwa kulinganishwa na kaboni dioksidi.

Punguzo hilo linapimwa dhidi ya makadirio ya mazoea, yaani kiasi cha gesijoto ambacho nchi ingetoa mwaka 2030 kama kila mtu angeendelea na mambo yake. Sasa chukua kikokotoo. Gawanya 138 kwa 0.30, unapata 460. Gawanya 153 kwa 0.35, unapata 437. Kama msingi, yaani hayo makadirio ya mazoea, ungekuwa mmoja, majibu yangelingana. Tofauti ya tani milioni 23 inaweza kuwa na maelezo yake, lakini atakayepima utekelezaji mwaka 2030 atahitaji namba moja tu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika kwenye rasimu mpya ni msingi wenyewe, kwa tani, kwa mwaka uliotajwa.

Kenya iliandika hivyo. Mchango wake wa Desemba 2020 uliahidi asilimia 32 chini ya tani milioni 143 ifikapo 2030. Yeyote anaweza kufuata: punguzo ni 45.8, zinabaki 97.2. Ila angalia pia kwamba mwaka 2010 Kenya ilikadiriwa kutoa tani milioni 73. Ahadi hiyo basi inaruhusu gesijoto kuongezeka, polepole kuliko ambavyo ingekuwa. Kisha mwaka 2025 ikaja na lengo la 2035: asilimia 35 chini ya tani milioni 215. Punguzo likiondolewa, zinabaki karibu 140, ambazo zinakaribia kabisa msingi ule wa zamani wa 2030. Asilimia imepanda kutoka 32 hadi 35, na tani zinazoruhusiwa zimepanda vilevile. Si ulaghai, nchi inakua, watu wanaongezeka, viwanda vinakuja. Lakini waziri wako aambiwe na wewe kabla hajaulizwa na mwandishi wa habari.

Hatua ya 2: Hesabu mifugo, na ufunge viwango kabla ya kuahidi

Miongozo inayotumika ni ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, ya mwaka 2006, na maboresho yake ya 2019. Hesabu ya chini kabisa ni rahisi: idadi ya ng'ombe mara kilo za methani anazotoa ng'ombe mmoja kwa mwaka, mara 28, ambao ndio uzito wa methani ukilinganishwa na kaboni dioksidi kwa kipimo kinachotakiwa chini ya Mkataba wa Paris.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36. Tukichukua milioni 36 kamili, na kiwango cha 2006 kwa ng'ombe wa Afrika wasio wa maziwa, kilo 31, tunapata tani milioni 1.116 za methani. Mara 28, ni tani milioni 31.2.

Rudia kwa kiwango cha 2019, ambacho ni kilo 52. Jibu ni tani milioni 52.4.

Hakuna ndama aliyezaliwa kati ya mistari hiyo miwili, ila taifa limeongezewa tani milioni 21 kwa kubadilisha jedwali la rejea. Sasa fikiria msingi umekokotolewa kwa 31 na ripoti ya utekelezaji ikaandikwa kwa 52: nchi itaonekana imeshindwa vibaya bila mfugaji yeyote kufanya lolote. Ikiwa kinyume, itasifiwa bure. Hivyo kiwango unachotumia kiandikwe ndani ya lengo lenyewe, pamoja na sharti kwamba kikibadilishwa, msingi wa nyuma nao utakokotolewa upya.

Kuhusu punguzo la mifugo, ushauri wangu ni uwe mnyenyekevu. Kumwambia Msukuma au Mmasai apunguze kundi ili grafu ya wizara ishuke ni mazungumzo ya dakika mbili. Kinachowezekana ni lengo la methani kwa kila lita ya maziwa au kilo ya nyama: malisho bora, chanjo, ndama wanaokua upesi. Ila elewa unachosaini. Ng'ombe anayekula vizuri hutoa methani zaidi kwa kichwa na kidogo zaidi kwa lita. Kundi lisipopungua, jumla ya taifa haishuki. Lengo la kwa lita liwekwe kwenye safu yake, lisijumlishwe na tani za msitu.

Hatua ya 3: Amua mkaa unahesabiwa wapi

Hapa ndipo sekta tatu zinapogongana, na hapa ndipo majedwali mengi huharibika.

Mkaa unachomwa jikoni Dar es Salaam, kwa hiyo watu wa nishati wanauona ni wao. Mti umekatwa Kilosa au Handeni, kwa hiyo watu wa misitu wanauona ni wao. Wote wakihesabu, tani zilezile zinapunguzwa mara mbili. Kanuni ya IPCC iko wazi: kaboni dioksidi ya kuni na mkaa huhesabiwa kwenye ardhi, kama upotevu wa kaboni ya miti. Kwenye nishati huandikwa methani na oksidi ya nitrasi tu.

Matokeo yake huwashangaza wengi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Wengi wao watahamia mtungi wa gesi. Kaboni dioksidi ya gesi ya mtungi inaandikwa kwenye nishati, kwa hiyo safu ya nishati itapanda, na faida itaonekana kwenye safu ya ardhi, kama itaonekana. Nasema "kama" kwa sababu si kila gunia la mkaa ni msitu uliopotea. Sehemu ya miti huchipua tena, na miombo, miti ya mapori yetu ya nyanda kavu, huchipua vizuri ikiachwa. Punguzo ni ile sehemu ya kuni isiyorejea peke yake, na sehemu hiyo hutofautiana wilaya kwa wilaya. Ukiikadiria asilimia 90 nchi nzima kwa sababu mradi fulani ulifanya hivyo, umejipa tani za hewani.

Waketishe maofisa wa nishati na misitu siku moja kwa ajili ya safu hii pekee. Wasitoke bila kusaini nani anaandika nini.

Hatua ya 4: Jumlisha hekta

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kusanya mipango yote ya serikali inayohitaji ardhi ifikapo 2030 au 2035, na uigeuze kuwa hekta. Ajenda 10/30 inataka kasi ya ukuaji wa kilimo ifike asilimia 10 kwa mwaka ifikapo 2030. Uliza ukuaji huo utatokana na mavuno zaidi kwa hekta au hekta zaidi. Weka mashamba ya pamoja ya BBT, programu ya serikali ya kuwaingiza vijana kwenye kilimo, malisho, mashamba ya miti, upanuzi wa miji, hifadhi. Ardhi ya Tanzania Bara ni kama hekta milioni 88, na tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu na mapori. Jumla ya mipango ikizidi ardhi iliyopo, kuna mpango ambao hautatekelezwa, na kwa uzoefu wa nchi hii anayeachia nafasi ni miombo. Ufuta wa Lindi umeshaonyesha: bei ikipanda, shamba jipya linafunguliwa msituni, kwa sababu ardhi mpya ina rutuba na mbolea ni ghali.

Kiwango cha rejea cha misitu, yaani msingi wa kupimia upotevu wa misitu, ambacho Tanzania iliwasilisha Umoja wa Mataifa, kwa kipindi cha 2002 hadi 2013, kilionyesha ukataji wa karibu hekta 470,000 kwa mwaka. Ili kuona ukubwa wake, tuchukue tani 25 za kaboni kwa hekta kama mfano wa kukokotolea tu. Namba halisi ziombe kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ili kuigeuza kaboni kuwa kaboni dioksidi, tani 25 mara 44 gawanya kwa 12 ni tani 92. Mara hekta 470,000, ni takriban tani milioni 43 kwa mwaka.

Sasa linganisha na hatua inayopendwa sana kwenye warsha, mpunga wa shadidi, yaani mpunga unaolimwa kwa maji kidogo bila kufurisha shamba msimu mzima. Shamba la umwagiliaji lililofurika msimu wa siku 120 hutoa, kwa kiwango cha IPCC cha kilo 1.3 kwa siku, kilo 156 za methani kwa hekta, sawa na tani 4.4. Ukikausha na kumwagilia kwa awamu, zidisha kwa 0.52, zinabaki tani 2.3, kwa hiyo unaokoa tani 2.1. Hekta 100,000 zinakupa tani milioni 0.21. Na usizihesabu hekta za mpunga wa mvua, maana namba yake ya kuzidishia tayari ni 0.28 na hakuna cha kuokoa. Kupunguza ukataji wa misitu kwa robo kunakupa karibu tani milioni 11, mara hamsini ya hizo. Shadidi ibaki, inaokoa maji ya Usangu na inaongeza mavuno, lakini isipewe kurasa sita huku ufuta na mahindi vikipewa aya moja.

Zanzibar ipewe safu yake. Mazingira si jambo la Muungano, takwimu zake zina mwenyewe, na mikoko ya Pemba haiingii kwenye makadirio ya miombo.

Hatua ya 5: Umeme, na mwaka wa kukata mstari

Umeme ni sehemu rahisi, kwa hiyo nitapita haraka. Swali kubwa ni moja: Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwenye Rufiji, limo ndani ya makadirio ya mazoea au ni hatua ya kupunguza? Likiwa ndani ya mazoea, huwezi kulidai tena. Likiwa nje, sehemu nzuri ya lengo la nishati ilitimia mitambo ilipowashwa, kwa sababu lilikuta gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay ikibeba mzigo mkubwa. Chagua mwaka wa kukata mstari, useme kila kilichoanza kujengwa kabla yake ni mazoea, na usiubadilishe. Weka pia mwaka wa ukame kwenye hesabu. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2022 ulitokana na mito kukauka, na mito ikikauka mitambo ya gesi asilia hurudi kazini.

Hatua ya 6: Tenganisha fedha zetu na fedha za kuahidiwa

Kila hatua iliyobaki kwenye jedwali iwe na gharama na mlipaji. Kenya mwaka 2020 ilikadiria dola bilioni 62 kwa kazi yote ya kupunguza gesijoto na kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na ikasema itabeba asilimia 13 yenyewe. Ukiandika hivyo, andika pia ni hatua zipi zimo ndani ya sehemu yetu, kwa majina. La sivyo, fedha za nje zisipofika, kila idara itadai yake ndiyo iliyokuwa ikisubiri mfadhili.

Baada ya hapo ndipo unajumlisha tani na kuzigawanya kwa msingi. Asilimia yako hiyo.

Hatua ya 7: Ondoa tani zilizouzwa

Tangu kanuni za 2022 za biashara ya kaboni, yaani kuuza tani zilizopunguzwa, miradi imeongezeka, na vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vinapata fedha kwa kutunza msitu wa Ntakata. Kwa kila mradi uliza swali moja: je, serikali imeidhinisha tani hizi zihamishiwe nchi nyingine chini ya ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris? Zikihamishwa, mnunuzi anazihesabu yeye, na sisi tunazirudisha kwenye hesabu yetu kana kwamba hazikupunguzwa. Tani zilizouzwa bila idhini hiyo kwenye soko la hiari haziondoki kwenye vitabu vya taifa. Orodha ya miradi iliyoidhinishwa ikae karatasi moja na jedwali la lengo, isasishwe na mtu mwenye jina na cheo.

Kabla ya kupeleka rasimu Ofisi ya Makamu wa Rais, mpe jedwali mtu ambaye hakulitengeneza, bila maelezo ya mdomo, akokotoe namba ya mwaka wa lengo. Mkipata majibu mawili, rudini hatua ya pili na ya tatu. Mara nyingi ni ng'ombe au ni mkaa.