Kabla ya kukata plaiwudi, kata kadibodi

Wenzangu mnaochora mashua za plaiwudi kwa kompyuta, hili mlijue mapema. Plaiwudi hukubali kupinda upande mmoja tu, kama karatasi unayoiviringisha. Ukiilazimisha ipinde pande mbili kwa pamoja, kama bakuli, itagoma au itapasuka. Kompyuta haikuzuii, itakuchorea omo (sehemu ya mbele ya mashua) nzuri ajabu ambayo hakuna ubao utakaoifuata.

Katika FREE!ship, programu ya bure, kuna mwonekano unaopaka mashua rangi: penye kijani panaweza kunyooshwa pakawa bapa. Sogeza nukta za mchoro hadi pote pawe kijani, hasa karibu na omo, ndiko kunakosumbua. Kisha iamuru programu ikunjue vipande vya mashua viwe bapa.

Hapo usikimbilie dukani. Chapisha vipande kwa kipimo cha 1 kwa 10. Kwa kipimo hicho, plaiwudi nzima ya sentimita 244 kwa 122 inaenea kwenye karatasi ya A4. Kata kadibodi nyembamba, uunge kwa selotepu kuanzia mkukuni, yaani kwenye uti wa chini wa mashua. Mimi hupima kingo mbili zinazokutana, ya kipande cha chini na ya kipande cha ubavuni: lazima zilingane urefu. Milimita 2 za kadibodi ni sentimita 2 za mashua, na pengo hilo waya wa shaba wa kushonea vipande hauvuti.

Kule Mtongwe nilimwonyesha fundi mzee kimashua changu cha kadibodi. Alikipindua, akafumba jicho moja, akaniwekea kidole palipovimba. Kwenye skrini sikuwa nimepaona.