Kodi ya jengo isaidie na usafiri wa daladala zetu Tanga, fanyeni hivi
Wana Tanga, ukinunua umeme wa LUKU angalia risiti yako vizuri, kuna 1,500 inakatwa kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, ghorofa 7,500 kwa kila sakafu, hiyo ndo kodi ya jengo. Mnataka isaidie usafiri? Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 kwahiyo msisubiri bajeti ipite, anzeni mkutano wa mtaa, mtendaji aandike ombi lenu kwenye muhtasari (usiondoke hujaona imeandikwa!!), kisha diwani aibebe kamati ya maendeleo ya kata mpaka baraza la madiwani. Ombeni kitu kimoja tu, mfano banda la abiria njia ya Kange. Juzi nimeona mama mjamzito kasimama juani na ndoo ya samaki kichwani, imeniuma sana.