Mbwa Kijana Anayetafuna Kila Kitu na Kunguruma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika nyumba nyingi ninazoitwa jijini Dar es Salaam, ziara ya kwanza huenda kwa mtindo uleule. Mwenye nyumba hunionyesha mpira wa kumwagilia bustani uliokatwa vipande vitatu, ndala moja isiyo na mwenzake, na waya wa pampu ya maji uliochunwa hadi shaba ikaonekana. Kisha, kwa sauti iliyoshuka kidogo kana kwamba anafichua aibu ya ukoo, hunieleza kwamba siku hizi mbwa huyo anamngurumia pia dada wa kazi, au mtoto. Yeye huyahesabu hayo kuwa matatizo mawili. Mimi, baada ya kuyaona mara nyingi, huyaona kuwa moja: mbwa alianza kwa kutafuna, watu wa nyumbani wakawa wanampokonya kila alichoshika mdomoni, mara nyingi kwa kelele na kofi, na baada ya miezi michache akajifunza kwamba mkono unaomsogelea akiwa na kitu ni mkono wa kunyang'anya. Mngurumo ndiyo namna yake ya kuuambia mkono huo usimame.

Mwongozo huu unamhusu mbwa wa miezi minne hadi mwaka mmoja na nusu. Nitaeleza kwa kumrejelea Bosi, dume chotara wa German Shepherd, aliyekuwa na miezi minane nilipomkuta katika nyumba moja ya Mbezi, akifungiwa bandani tangu asubuhi na kufunguliwa jioni ili alinde, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za mji huu.

Hatua ya 1: Ondoa shaka ya ugonjwa

Kabla ya mafunzo yoyote, jiulize iwapo tabia hii imekuja polepole au imezuka ndani ya siku chache. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayeng'ata mawe na mbao bila sababu, anayetokwa na udenda mwingi, anayeshindwa kumeza, ambaye taya limelegea au anayumba anapotembea, asiguswe na mtu yeyote. Usimfungue kinywa ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie mahali salama na umwite daktari wa mifugo, kwa sababu hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Mtu aliyeng'atwa au kukwaruzwa na mbwa wa namna hiyo, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo kama mchomo wa sindano. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Chanjo ya mbwa hutolewa anapofikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na mimi siingii kazini mpaka nioneshwe cheti chake.

Baada ya hapo yatafutwe maumivu ya kawaida. Bosi alikuwa na kupe ndani ya sikio la kushoto, sikio limevimba na linanuka, na mtoto wa nyumba hiyo alikuwa na mazoea ya kumkumbatia kichwa. Sehemu ya mingurumo aliyokuwa akilaumiwa iliisha wiki moja baada ya sikio kutibiwa, kabla sijamfundisha chochote.

Yatazame na meno pia. Mbwa huzaliwa bila meno, huota meno 28 ya utotoni, na kuanzia umri wa karibu miezi minne hayo huanza kung'oka na kuyapisha meno 42 ya ukubwani, ambayo kwa kawaida huwa yamekamilika kufikia mwezi wa saba. Katika kipindi hicho ufizi humuwasha na kutafuna humpa nafuu. Wenye mbwa wengi hushangaa kwamba meno yamekwisha kuota na bado uharibifu unaendelea. Huo sasa ni ujana, nguvu nyingi na kazi kidogo, na dawa yake iko katika hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Ondoa vishawishi, na weka daftari

Kila mara mbwa anapotafuna ndala, hujilipa mwenyewe hapohapo kwa raha ya kutafuna, na hakuna karipio la baadaye linaloweza kuyafuta malipo hayo. Kwa hiyo kwa wiki mbili za mwanzo, kazi kubwa ni ya watu. Viatu vyote viingie ndani au viwekwe juu ya rafu, mpira wa maji ukunjwe na kutundikwa, waya wa pampu upitishwe ndani ya paipu ya plastiki na swichi izimwe wakati pampu haitumiki. Sumu ya panya na betri visiwekwe mahali pa chini kabisa.

Katika wiki hizo, marufuku kumpokonya chochote. Akiwa na kitu kisichomdhuru, mwache nacho, hata kama moyo unauma. Akiwa na kitu cha hatari, rusha chakula anachokipenda sana mbali naye, na kiondoe akishakifuata.

Daftari liandikwe kwa ufupi: saa, kitu, nani alikuwa karibu, mbwa alifanya nini. Daftari la Bosi lilitupa jibu ndani ya siku tano. Karibu uharibifu wote ulitokea kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, yaani katika saa mbili za mwanzo baada ya kutolewa bandani, na mingurumo yote ya bakuli ilimhusu dada wa kazi, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akikusanya vyombo.

Hatua ya 3: Mpe cha kutafuna na kazi ya kufanya

Mbwa kijana aliyefungiwa kwa muda wa saa 11, mchana kutwa, hawezi kutoka bandani akakaa kama mzee wa baraza. Tulimpangia Bosi matembezi ya dakika 40 alfajiri, kabla ya jua kupanda, kwa kamba ndefu na kwa mwendo wa kumwachia anuse anavyotaka, kwa kuwa kunusa humchosha mbwa akili kuliko kukimbizwa. Ukilazimika kutoka mchana, weka mgongo wa mkono wako juu ya lami na uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Jioni, kabla ya kumwachia bustani nzima, tulimpa kazi ya dakika 20: chakula kikavu kikitawanywa kwenye majani akitafute, au kikifichwa ndani ya boksi la kadibodi lililoondolewa pini na gundi ya karatasi, alichane apendavyo. Boksi la duka la jirani halina gharama, na vipande vyake hufagiliwa kwa dakika mbili. Kwa wanaolisha ugali na dagaa, ambao ndio wengi, ugali huo ukishindiliwa ndani ya mpira mgumu wenye tundu na kuwekwa kwenye friza usiku kucha, mbwa atakaa nao muda mrefu.

Kuhusu vitu vya kutafuna, hapa ndipo ninapobishana sana na wateja. Ndala ya zamani haifai, kwa sababu mbwa hajui ipi imetupwa na ipi ni ya Idi. Kipande cha tairi huwa na nyuzi za chuma ndani. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo, na hilo linahusu mifupa ya kuku na hata ya ng'ombe ya supu. Kumbi la nazi, ambalo huku pwani hutolewa bila kufikiriwa, nalitoa tu nikiwa nimesimama hapo, kwa sababu nyuzi zake zikimezwa kwa wingi huweza kuziba utumbo. Kwa mtoto wa mbwa anayeota meno, karoti nzima iliyotoka kwenye friji inatosha sana. Kitu chochote kigumu kipime kwa ukucha wa dole gumba: kisipobonyea hata kidogo, kinaweza kuvunja jino.

Hatua ya 4: Mfundishe kuachia kwa kubadilishana

Hii ndiyo hatua inayotibu mambo yote mawili, na ndiyo inayorukwa na watu wenye haraka. Chemsha maini, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya maharage, na uyaweke kwenye kibweta kiunoni.

Anza mbwa akiwa na kitu asichokithamini sana. Simama hatua mbili kutoka kwake, sema neno moja ulilolichagua, kwa mfano "achia", kwa sauti ya kawaida, hesabu moja kimoyomoyo, kisha rusha vipande vitatu vya maini ardhini pembeni yake. Ataacha kitu na kwenda kula. Usikiguse kitu hicho. Mwache ale, akirudie, aendelee nacho. Fanya hivyo mara tano asubuhi na mara tano jioni kwa siku tatu au nne, mpaka neno likitamkwa tu yeye afungue kinywa na kukutazama. Mpangilio wa neno kwanza, maini baadaye, una uzito wake: ukitangulia kumwonesha maini, utakuwa umemfundisha kupima hongo, na siku ukiwa mikono mitupu hatakusikiliza.

Katika kipindi cha pili, wakati anakula, kiokote kitu hicho, kitazame kama mnunuzi sokoni, kisha mrudishie. Wenye mbwa wengi hapa hunikatalia, wakiona kwamba kumrudishia ni kushindwa. Lakini mbwa anayerudishiwa kitu chake mara tisa kati ya kumi hana sababu ya kukilinda, na ile mara ya kumi, utakapochukua simu yako au pakiti ya dawa, haitamwachia uchungu. Panda taratibu kutoka boksi hadi mpira wake, kutoka mpira hadi ndala, na mwisho vitu vya chakula.

Ninafundisha kurusha badala ya kupokezana mkononi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama. Ya pili ni kwamba katika nyumba nyingi za pwani mlinzi au dada wa kazi ni Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Si haki kumlazimisha mtu huyo amshike mbwa mdomo kwa ajili ya mafunzo, na wala hakuna haja. Dada wa nyumba ya kina Bosi alifanya zoezi lote bila kumgusa hata mara moja, akatumia koleo refu kuokota vitu, na akawa mwanafunzi wangu bora kuliko mwenye mbwa.

Hatua ya 5: Mngurumo wa kwenye bakuli

Kabla ya kunguruma mbwa huwa amekwisha kusema kwa mwili. Huacha kutafuna ghafla, hukaza mgongo, huinamisha kichwa zaidi juu ya bakuli au hula kwa pupa, na jicho hugeuka pembeni likaonesha weupe. Tafuta umbali ambao unaweza kupita bila kuona dalili hata moja ya hizo; kwa Bosi ulikuwa mita nne. Pita hapo kwa mwendo wa kawaida, rusha kipande cha ini karibu na bakuli, na uendelee kwenda bila kusimama wala kumsemesha. Mara sita kwa mlo mmoja zinatosha. Siku atakapoinua kichwa kukutazama kwa mwili uliolegea, akisubiri ini, punguza nusu hatua. Akikakamaa, rudi nyuma hatua mbili na ukae hapo siku kadhaa. Watoto hawahusiki kabisa na zoezi hili. Mbwa alishwe mahali ambapo hawafiki.

Usimpige wala kumkaripia kwa kunguruma. Wenyeji huniambia samaki mkunje angali mbichi, huku fimbo iko mkononi. Nilikuwa na fikra hizo miaka yangu ya mwanzo, na nikamnyamazisha jike mmoja kwa fimbo mpaka akaacha kunguruma kabisa. Wiki ya tatu aling'ata bila onyo, na kovu la kidole ninalo. Woga wake ulikuwa palepale, mimi nilikuwa nimeondoa kengele tu. Wengine husema lazima mbwa aoneshwe nani mkubwa wa kundi. Dhana hiyo ilitokana na mbwamwitu waliofungwa pamoja bila udugu, na L. David Mech, mtaalamu wa Kimarekani ambaye maandishi yake ya 1970 yalisaidia kuieneza, mwaka 1999 alieleza kwamba kundi la mbwamwitu wa porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao.

Mngurumo wa mchezo wa kuvutana kamba, mwili ukiwa umelegea na miguu ya mbele ikiinama, hauna neno.

Hatua ya 6: Muda wa kusubiri, na wakati wa kuomba msaada

Bosi alichukua wiki tisa. Wiki ya tano alirudi nyuma sana, baada ya mgeni mmoja kumpokonya mfupa ili "kumjaribu", na tulilazimika kuanza tena mita tatu kutoka kwenye bakuli. Tangu hapo kila mgeni huambiwa getini. Iwapo mbwa wako amekwisha kung'ata hadi ngozi ikachanika, au anamkodolea mtoto macho na kukakamaa hata bila kuwa na kitu, usiendelee peke yako. Mtenge na watoto na utafute daktari wa mifugo na mkufunzi wa kukutazamia hali hiyo nyumbani.

Zoezi la kubadilishana lirudiwe angalau mara moja kwa wiki hata baada ya kufaulu. Bosi sasa huachia ndala kwa neno moja la dada, ambaye humlipa ini na kuendelea kufagia. Hata hivyo, ndala za mlinzi bado tunaziweka juu ya ukuta.