Kiongozi akichoka, anzeni na kalenda yake

Ukiwa unamshauri kiongozi aliyeishiwa nguvu kazini, achana na swali la "unajisikiaje?" Atakujibu "niko sawa tu", ndivyo alivyozoea kuwajibu wote. Mwambie afungue kalenda ya wiki iliyopita, mpitie kikao kimoja kimoja, aweke alama kila penye uamuzi ambao mtu wa chini yake angeweza kuutoa. Kisha achague mmoja tu na kuukabidhi mzima: asiombwe idhini, asiwekwe hata kwenye nakala ya barua pepe. (Hapo kwenye nakala ndipo wengi hugoma.) Inasaidia kwa sababu mara nyingi kinachomkausha si wingi wa saa bali maamuzi madogo yasiyokwisha, na likizo haiyapunguzi, atayakuta mezani. Haisaidii kama bodi au mkubwa wake ndiye anayetaka kila kitu kipite kwa kiongozi mwenyewe. Hapo mazungumzo yaanzie kwa bodi au huyo mkubwa. Tena, Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11 (mwongozo wake wa kuainisha magonjwa na hali nyingine za afya), linauhesabu uchovu huu kuwa jambo la kazini, si ugonjwa. Kwa hiyo akikosa usingizi hata likizoni, au hata nyumbani hakuna kinachomfurahisha tena, weka kalenda kando, aonane na daktari.